Barua ya Mstari Mmoja

Jumatatu ya tarehe 1 Novemba 2010 niliamshwa na simu kabla ya adhana ya alfajiri. Haikuwa sauti ya mtu. Ulikuwa ujumbe wa maandishi kutoka kwa mke wa kaka yangu aliyeko Wete, na kwa kuwa shemegi si mtu wa maneno mengi, nilijua kabla ya kuufungua kwamba hakuniandikia kunisalimu. "Mama kaanguka akenda kutia udhu. Mkono na mguu wa kulia havina nguvu. Tunampeleka hospitali." Nilimpigia hapo hapo. Simu imezimwa. Nikapiga tena baada ya sala, nikapiga tena jua lilipochomoza, na kila mara yule mwanamke wa mtambo aliniambia kwa adabu yake ile ile kwamba nimtakaye hapatikani.

Simu ya kaka sikuipiga. Namba yake nilikuwa nayo; niliinakili zamani nyuma ya daftari la mashairi, mahali ambapo mtu huweka vitu asivyotaka kuviona kila siku. Lakini mimi na kaka tulikuwa hatujasemezana tokea Februari 2001, na msomaji akihesabu ataona kwamba hiyo ni miaka tisa na miezi tisa, muda wa kutosha kwa mtoto kuzaliwa, kuhitimu msahafu na kuanza kubishana na babake.

Mji nao ulikuwa na lake la kungojea. Kura zilikuwa zimepigwa jana yake. Waliokuwa wakiwania urais wa Zanzibar kwa nguvu walikuwa wawili, Dk. Ali Mohamed Shein wa CCM na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF, na wote wawili ni watoto wa Pemba: mmoja wa Chokocho, kusini, na mwengine wa Mtambwe, ambayo ukisimama Wete unaiona ng'ambo ya maji. Mama alikuwa akisema haoni sababu ya kumchukia yeyote kati yao, maana wote wamelelewa kwa muhogo ule ule. Lakini mama alikuwa peke yake katika rai hiyo. Sisi wengine tulikuwa tumekwisha kuchukiana kwa ajili yao, na kwa ajili ya waliowatangulia, kiasi cha kususiana maduka, harusi na hata maziko.

Mara hii, hata hivyo, palikuwa na jambo jipya. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu, na yale waliyoyazungumza yakaja kuitwa Maridhiano. Tarehe 31 Julai 2010 tukaitwa kwenye kura ya maoni, na asilimia 66.4 ya waliopiga kura wakasema ndiyo kwa serikali ya umoja wa kitaifa. Katiba ikabadilishwa: chama kitakachokuja wa pili kitatoa Makamu wa Kwanza wa Rais. Kwa hiyo kwa mara ya kwanza tokea vyama vingi virudi, yule atakayeshindwa hakuwa anatolewa nje ya nyumba. Alikuwa anapewa chumba. Sikuamini sana. Katika umri wangu mtu huamini kwa kipimo, kama anavyotia chumvi.

Nieleze kwanza lile la 2001, kwani bila ya hilo hakuna khabari.

Tarehe 27 Januari 2001, katika maandamano ya kupinga matokeo ya uchaguzi wa 2000, zaidi ya watu thalathini waliuawa Unguja na Pemba. Wete ilikuwa miongoni mwa miji iliyoumia. Zaidi ya watu elfu mbili walivuka bahari wakaenda Kenya, wengi wao Shimoni, na kaka yangu alikuwamo. Aliondoka usiku na wavuvi wawili, kanzu moja mwilini, hakumuaga mkewe ila kwa kumgusa bega.

Mimi nilikuwa huku Unguja, karani katika idara moja ya serikali. Niliacha skuli baada ya darasa la kumi. Kiingereza nilijifunza mwenyewe kwa magazeti makuukuu na kwa kamusi ya Johnson ya 1939 iliyokwisha kupoteza jalada, na kwa Kiingereza hicho cha kuokota nilikuwa nimepata meza na kiti. Kadi ya chama nilikuwa nayo, na wala siikani. Lakini baada ya Januari ile wenzangu ofisini walianza kuniuliza, kwa kicheko, wewe mtu wa Wete una ndugu wangapi kule? Nilikuwa na watoto wawili na nyumba ya kupanga Kikwajuni. Niliogopa. Na mtu mwenye khofu akishika kalamu huandika kwa ajili ya yule anayechungulia nyuma ya bega lake, si kwa ajili ya anayeandikiwa.

Niliandika barua kwa kaka. Nilidhani huenda ikafunguliwa njiani, na nikataka atakayeifungua anione msafi. Basi mimi niliyekuwa nikikaa siku nne kutafuta kina kimoja cha kati, nilimwandikia ndugu yangu mkimbizi mstari mmoja tu, bila ya salamu: "Mliyataka wenyewe." Nikaitia katika bahasha, nikaigandisha, nikaipeleka Wete kwa mkono wa mtu, kwa mama, apate kuifikisha. Mama alisoma chuoni, herufi za Kiarabu anazijua vyema. Hizi zetu za Kizungu hazijui. Aliifunga barua yangu katika kitambaa pamoja na mikate ya mofa, akawapa wavuvi waendao Shimoni.

Kaka hakujibu. Muafaka uliposainiwa Oktoba 2001 watu walianza kurudi, naye akarudi. Nilipokwenda Pemba sikukuu ya Mfunguo Mosi, aliniona nikishuka garini, akachukua panga akaenda shambani kwenye mikarafuu, hakurudi mpaka nilipoondoka. Na ndivyo ikawa kila mwaka. Khabari za nyumbani nilizipata kwa shemegi. Mama alitutazama sote wawili akasema neno moja, akawa halirejei: "Radhi yangu haigawiki mafungu."

Sasa nirudi Jumatatu. Saa mbili ya asubuhi nilitoka kwenda Malindi kutafuta boti. Darajani maduka mengi yalikuwa yamefunguliwa mlango mmoja, ule mwengine umeachwa nusu, kama mtu anayelala jicho moja wazi. Redio zilikuwa kila mahali. Pale Jaws Corner muuza kahawa alikuwa akimimina vikombe bila ya kuwatazama wanywaji, na wanywaji walikuwa wakijumlisha kura za majimbo kwenye kipande cha boksi; kila aliyefika na simu yake alikuja na jumla yake, na jumla zote zilikuwa za ushindi. Hakuna aliyepiga kelele. Hilo ndilo lililonishangaza. Mwaka 1995 wagombea wawili walipotengana kwa chini ya asilimia moja, na 2000, na 2005, nilikuwa nimezoea mji unaonguruma. Mara hii ulinong'ona.

Bandarini niliambiwa boti ya Pemba imekwisha kuondoka, nije kesho. Nikakata tiketi. Nilipokuwa nikirudi nilipita karibu na Hoteli ya Bwawani, ambako Tume ya Uchaguzi ilikuwa ikitangaza matokeo jimbo baada ya jimbo. Watu walikuwa wamejaa barabarani, na askari wamesimama na ngao zao. Na katika watu hao, kwenye kivuli cha mti, nilimwona mwanangu mkubwa, kijana wa miaka kumi na saba, ambaye mamake alidhani yuko skuli. Alikuwa upande wa wale wanaomngojea Maalim. Tulitazamana. Sikumwita. Laiti ningemwita angekuja, kwani alikuwa mtoto mtiifu. Lakini nilikuwa na ujumbe wa shemegi mfukoni na nikaona aibu ya kumwamrisha mtu yeyote juu ya jambo hilo.

Mke wangu alipojua aliko kijana hakusema kitu mpaka alipomaliza kupepeta mchele. Kisha akasema: "Wewe wangojea simu moja, mimi nangojea mbili."

Mchana wote nilikaa na kazi niliyokuwa nimeahidi kuimaliza, nayo ilikuwa kufasiri karatasi ya kurasa sita iliyohusu mambo haya haya. Nilikuwa nimekwama kwenye neno lile maridhiano. Kiingereza kina neno lake, lakini ni neno ambalo wahasibu nao wanalitumia wanapolinganisha daftari lao na la benki, na mimi sikutaka damu ya Januari ilinganishwe kwa hesabu. Nikaweka kalamu chini nikaanza kulifungua neno letu wenyewe, kama ilivyo tabia yangu mbaya wakati ninapotakiwa kuwa nafanya jambo jengine.

Tulikwisha kuwa na muafaka, mara mbili: 1999 na 2001. Muafaka ni neno zuri, lakini ni neno la kitu. Muafaka waweza kutiwa sahihi, ukapigwa muhuri, ukawekwa kabatini. Maridhiano ni tendo, na limebeba ndani yake ile -ana ya kupigana na kupendana, ambayo haitimizwi na mtu mmoja. Na shina lake ni ridhi, ndilo hilo hilo lenye kutupa radhi. Niwie radhi, tunamwambia tuliyemkanyaga mguu sokoni. Radhi za wazazi, tunasema, na tunajua kwamba aliyezikosa hata akijenga ghorofa hailali mvua nje. Kwa hiyo neno ambalo wanasiasa wamelitoa magazetini lilikuwa ni neno la mama kabla ya kuwa lao. Nililiona hivyo saa nane ya mchana, nikiwa na simu isiyolia mkononi, na sikufurahi kama ninavyofurahi siku nyengine nikigundua jambo katika lugha. Nilijiona kama mtu aliyechimba kisima akakuta mfupa.

Nitasema kweli: mara tatu nililifungua daftari nikaitazama namba ya kaka. Mara ya tatu niliipiga tarakimu zote isipokuwa ya mwisho.

Jioni ilipoingia tulikaa barazani na jirani zetu, redio katikati. Ilikuwa redio ya betri niliyoinunua wakati wa kiza kikubwa, ile miezi mitatu ya Disemba 2009 hadi Machi 2010 ambapo Unguja nzima ilikaa bila ya umeme. Ukoo wa upande wa kulia wa baraza ni CCM tokea ASP. Wa kushoto ni CUF, na kwa miaka kumi walikuwa wamekaa kwenye baraza hiyo kwa zamu, hawa wakiondoka wale wakija. Usiku ule walikaa pamoja kwa sababu redio ilikuwa moja. Sikuwapanga mimi.

Matokeo yakatangazwa. Dk. Shein kura 179,809. Maalim Seif kura 176,338. Nilizifanya hesabu kwa midomo: tofauti ni 3,471. Watu wa kiwanja kimoja cha mpira, na hata hicho kisijae. Pakawa kimya. Mzee mmoja wa upande wa kushoto alivua kofia akaiweka gotini. Nilikuwa nimempigia kura aliyeshinda, na nilikuwa nikisubiri furaha ije. Lakini niliyekuwa nikimwona mbele yangu ni kaka, yuko kwenye benchi la hospitali, na redio ya mtu mwengine inamwambia kwamba ameshindwa tena, mara ya nne, kwa uzi.

Kisha akasema Maalim. Aliyakubali matokeo, akampongeza mwenzake, na tukaambiwa wamepeana mikono. Watoto wa siku hizi hawataelewa kwa nini watu wazima walilia kwa sababu mtu amesema nimeshindwa. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kulisikia neno hilo. Yule mzee aliirudisha kofia yake kichwani. Jirani wa upande wa kulia aliondoka bila ya kuaga. Nikadhani amekwenda kushangiria. Akarudi na birika la chai ya tangawizi na vikombe vya kutosha watu wote.

Kijana alirudi saa tatu ya usiku, mguu mmoja hauna kandambili. Hakupigwa, hakupigana, kandambili ilikanyagwa katika msongamano. Mamake alimtazama juu mpaka chini, akamwekea chakula. Yeye alikula kwa pupa na akauliza, mdomo umejaa: "Baba, mama mkubwa hajambo?" maana ndivyo wanavyomwita bibi yao. Sikuwa na jawabu.

Simu ililia saa nne kasorobo. Namba niliyoipiga yote isipokuwa tarakimu ya mwisho ilikuwa ikiniita yenyewe. Nilitoka uani.

"Mama kala uji," alisema kaka.

Nilisema alhamdulillahi.

"Mkono bado. Ulimi mzito, lakini anasema. Dakta kasema kiharusi, kasema kimepita upande."

Tukanyamaza. Nyuma yake nilisikia mlango ukigongana na upepo na mtoto wa mtu akilia.

"Umesikia?" akauliza.

"Nimesikia, kaka."

"Elfu tatu na mia nne na kitu."

"Sabiini na moja."

"Ee, wewe ulikuwa hodari wa hesabu." Kimya tena. "Haya. Njoo. Mama anakuuliza."

Asubuhi ya pili nilipanda boti, nikashuka Mkoani, nikashika gari ya Chake na ile ya Wete. Ulikuwa msimu wa karafuu. Majamvi yalikuwa yametandazwa kando ya barabara yote na harufu ikiingia garini bila ya nauli. Nilikuwa nimelala macho nikiyapanga maneno ya kumwomba kaka radhi. Niliyatunga, nikayafuta, nikayatunga tena, na kila nilipoyapata mazuri nikaona uzuri wake ndio ubaya wake.

Nilimkuta amesimama mlangoni mwa hospitali. Amezeeka, ndevu zimekuwa nyeupe upande mmoja zaidi ya mwengine, kama marehemu baba. Nilimshika mkono, na kabla sijasema nilichokipanga alinivuta ndani akisema nisimchoshe mama.

Mama alikuwa amelala ubavu. Uso umevutika kidogo, lakini macho ni yale yale. Aliushika mkono wangu kwa mkono wake wa kushoto, akaushika wa kaka kwa vidole vile vile, akatukusanya kama mtu anayefunga mzigo wa kuni. Akaanza kusema. Ilinibidi niinamie mdomo wake.

"Nduguyo huyu mkaidi," alisema, akimwelekea kaka kwa jicho. "Wewe ulimwandikia. Barua nzuri. Nikaifunga kwa mkono wangu. Kanambia mwenyewe uliyoyaandika: asubiri, Mungu yupo, watoto wake ni wako. Na hakukujibu. Miaka yote hii. Mkaidi."

Niliinua macho. Kaka alikuwa akitazama dirishani, ambako hapakuwa na kitu ila ukuta na mpapai.

Hivyo ndivyo nilivyojua. Alirudi kutoka Shimoni, mama akamuuliza nduguyo kakuandikia nini, naye akamtungia barua ambayo mimi nilipaswa kuiandika; na kwa kuwa hakuweza kusema nami bado, akakubali yeye ndiye awe mkaidi, yeye ndiye mwenye kuzuiliwa radhi, ili mama asijue mwanawe mwengine aliandika nini. Mimi ndiye mshairi wa nyumba ile. Hata barua yangu bora aliitunga yeye.

Nilifungua mdomo. Nilitaka kumwambia mama, wallahi nilitaka. Kaka aliweka mkono begani kwangu akakaza, si kwa upendo, kwa nguvu, vidole vya mtu anayeparamia mikarafuu, akasema: "Mama kachoka. Mwache alale." Tukatoka. Nje nilimwambia nilichoweza kumwambia, maneno manne au matano, wala hayakuwa yale niliyoyatunga garini. Alisikiliza akiangalia viatu vyake. Akaniuliza kama nimekula.

Mama aliishi mwaka mmoja na miezi minane baada ya hapo, akitembea kwa fimbo, na alitupa radhi zake sote wawili, kwa sauti, mbele ya watu. Sikumwambia. Zipo siku ambapo najiona nimezipokea radhi zile kwa hati ya kughushi. Nilimuuliza kaka mara moja, matangani, naye akanijibu kwamba mama hakuwa mtoto, na asinisikie tena nikilisema. Mpaka leo sijui alikusudia nini kwa kusema hakuwa mtoto.

Ile serikali ya chumba kwa kila mtu ilikaa miaka mitano. Tarehe 28 Oktoba 2015 mwenyekiti wa Tume alitangaza kwamba uchaguzi umefutwa. Ukarejewa Machi 2016, CUF wakausia. Chumba kilifunguliwa tena Disemba 2020, na Maalim akaingia, mara hii kwa chama cha ACT-Wazalendo. Akafariki Februari 2021. Haya yanajulikana, na sina la kuyaongeza.

Lakini usiku ule wa 28 Oktoba 2015 nilikuwa barazani, redio nyengine, jirani ni wale wale, na safari hii upande wa kushoto ulisimama ukaondoka bila ya kunywa chai. Niliingia ndani nikachukua simu. Namba sikuhitaji kuitafuta daftarini. Kaka aliipokea kabla haijalia mara ya pili.

"Kaka," nilisema, "nilitaka kukwambia..."

"Sema," akasema. "Nakusikia. Sema kwa mdomo tu, barua usiandike."

Akacheka, au alikohoa; mtandao ulikuwa mbaya usiku ule.